Tarehe Tunaicheka, Namba Tunaiamini: Betri, Sola na Pawabanki katika Maduka ya Arua na Koboko

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Arua na Koboko mnunuzi husikia mafundisho mawili yasiyopatana. La kwanza husema tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye betri ni janja ya kampuni, imewekwa ili ukitupe ulichonacho na ununue kingine. La pili husema betri iliyopita tarehe, hata kwa siku moja, ni takataka, na anayeiuza ni mwizi. Wenye maduka hutumia lile la kwanza wakitaka kumaliza mzigo wa zamani, na la pili wakimsema jirani. Lakini mnunuzi huyohuyo anayeicheka tarehe ataondoka na pawabanki iliyoandikwa 50,000 mAh, au taa ya sola ya "wati 300" yenye kidirisha kisichozidi ukubwa wa daftari la shule, bila kuuliza swali.

Shaka basi ipo, tena nyingi. Tatizo ni kwamba imeelekezwa pasipostahili. Tarehe na namba ya uwezo hukaa kwenye boksi moja na huchapwa na mashine moja, lakini zinatokana na sababu tofauti na hukosea kwa njia tofauti. Tusipozitenganisha, mjadala utaendelea kuzunguka palepale.

Umeme ulichelewa, betri zikawahi

Miji ya West Nile ilikaa muda mrefu nje ya gridi ya taifa ya Uganda. Kampuni ya WENRECO, iliyopewa eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilitegemea kwanza jenereta za mafuta. Mwaka 2012 ikaongezeka mitambo ya maji ya Nyagak, karibu na Paidha, yenye uwezo wa megawati 3.5 tu kwa kanda nzima. Gridi ya taifa ilifika mwaka 2023. Hata sasa kijiji kilicho nje kidogo ya barabara kuu kinaweza kuona nguzo kikakosa waya wa kuingia nyumbani.

Katika hali hiyo betri, tochi na paneli havikuwa anasa. Mahitaji yaliongezeka zaidi kuanzia mwaka 2016, pale vita vya Sudan Kusini vilipowasukuma watu kwa maelfu kuingia Bidi Bidi huko Yumbe, Rhino Camp na Imvepi, huku Lobule katika wilaya ya Koboko ikihifadhi hasa wakimbizi wa Kongo. Familia iliyovuka mpaka na godoro na sufuria hununua mwanga mapema, na hununua kwa pesa kidogo.

Mzigo wenyewe huja kutoka mbali. Hushuka Mombasa, ukapita Kampala kwa wauzaji wa jumla wa Kikuubo, ukavuka Karuma na Pakwach, ukafika Nebbi kisha Arua. Kutoka Arua hadi Koboko ni mwendo wa kilomita zipatazo 55, na kutoka Koboko mpaka wa Oraba uko karibu, ng'ambo yake Kaya. Upande wa Kongo kuna Vurra, halafu Aru na soko la Ariwara. Kwa hiyo Arua na Koboko si mwisho wa safari ya bidhaa. Sehemu kubwa inapita, na njia ya Yei au Juba ikifungwa kwa mapigano, katoni zilizokusudiwa kuvuka hukaa ghalani chini ya mabati. Muda na joto, mambo mawili yanayoamua kama tarehe ni ya kweli, huku yote mawili yako kwa wingi.

Tarehe inaahidi nini

Betri kavu ya tochi haina siku ya kufa. Kemikali zilizomo huendelea kuungana polepole hata ikiwa imekaa kwenye pakiti, na nguvu hupungua kidogo kidogo. Mtengenezaji huchagua siku ambayo bado yuko tayari kuahidi kwamba betri itatoa sehemu kubwa ya kazi yake, na ndiyo anayoichapa. Betri za kawaida za zinki na kaboni, zile kubwa zenye alama R20 na ndogo R6, hupewa kwa kawaida miaka miwili au mitatu. Za alkali, ambazo alama yake huongezwa herufi L ikawa LR20 au LR6, hupewa mitano hadi kumi. Herufi hiyo moja ina maana kuliko maneno yote ya "nguvu maradufu" yaliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu, na ni wachache wanaoitazama.

Kuna chanzo kimoja cha mkanganyiko ambacho wala si cha wauzaji. Kiwango cha kimataifa cha betri kavu, IEC 60086, kinamruhusu mtengenezaji kuchagua: achape mwisho wa muda unaopendekezwa, au achape mwaka na mwezi au wiki ya kutengenezwa. Betri mbili kwenye rafu moja zinaweza basi kuwa na tarehe zinazofanana, moja ikitaja kuzaliwa na nyingine uzee. Mteja anayesoma "03-2024" bila neno jingine hana njia ya kujua ni ipi. Anayekataa betri nzima kwa kudhani imepita, na anayeuziwa kuukuu kwa kudhani ni mpya, wote wamepotezwa na kiwango kilichoandikwa kihalali kabisa.

Sharti kubwa la ile ahadi ni joto. Makadirio ya mtengenezaji huanzia kwenye ghala la nyuzi 20 hivi. Kanuni ya wanakemia, ya makadirio lakini yenye kusaidia, ni kwamba mwendo wa mabadiliko kama haya huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazopanda. Arua iko juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una baridi ya kupendeza. Ila mchana wa kiangazi, Desemba hadi Machi, duka la mabati lisilo na dari linapita nyuzi 35 bila shida. Katoni iliyokaa hapo misimu miwili imezeeka kuliko tarehe yake inavyosema. Kinyume chake, betri ya alkali iliyowekwa kwenye ubaridi inaweza kupita tarehe kwa mwaka mzima na bado ikaendesha redio.

Halafu kuna betri za gari na za sola, zile za risasi na asidi. Mara nyingi hazina tarehe ya mwisho hata kidogo, bali namba ya siri iliyogongwa kwenye plastiki, ambayo muuzaji mwenyewe hawezi kuisoma. Na hizi ndizo muda unazoziua haraka zaidi. Ikiwa na asidi ndani na haichajiwi, betri hupoteza asilimia tatu hadi tano ya chaji kila mwezi, zaidi kwenye joto, na ikiachwa tupu, bamba zake hufunikwa na chumvi ngumu ya salfa ambayo baadaye haitoki. Betri ya shilingi laki kadhaa inaweza kuharibika dukani kabla haijauzwa hata mara moja, huku tarehe inayogombaniwa ni ya betri ya tochi. Wauzaji wenye busara huleta betri za aina hii bila asidi, wakaijaza mbele ya mteja. Bei ya usumbufu huo ni ndogo mno kulinganisha na hasara inayozuiwa.

Kwa mafundi wa simu hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Lehemu ya waya, ikihifadhiwa pakavu, haina cha kuoza. Lehemu laini ya kopo, iliyochanganywa na dawa ya kusafishia, hupewa miezi sita hivi, tena kwa sharti la kukaa kwenye friji. Fundi anayekataa tarehe ya ile ya kwanza ana haki. Akiikataa ya kopo lililokaa dirishani tangu mwaka jana, ataona vipande vya saketi vikimwachia mkononi.

Wanaosema tarehe ni janja

Kundi hili halina upumbavu. Linasema mtengenezaji ana faida ukitupa mapema, kwa hiyo tarehe yake lazima iwe fupi kuliko ukweli. Mfano unaotolewa duniani ni wa dawa: tangu mwaka 1986 jeshi la Marekani lina mpango wa kupima dawa za akiba zilizopita tarehe, na shehena nyingi zimeonekana bado nzima, zikaongezewa muda. Mfano wa nyumbani ni wa zamani zaidi: betri "iliyokufa" huanikwa juani, ikarudi kuwasha tochi jioni. Kama imefufuka, watu huuliza, nani aliyesema imekufa?

Nguvu ya hoja hii ni kwamba tarehe kweli huwekwa kwa tahadhari. Udhaifu wake ni masharti. Zile dawa za jeshi zilikuwa kwenye vifungashio vilivyofungwa, katika maghala yenye ubaridi unaopimwa. Hakuna aliyelipima ghala la Koboko. Na betri iliyoanikwa haijapata nguvu mpya. Joto limeharakisha kwa muda mabaki yaliyokuwa yamelala, yakatoka, na kopo la zinki likazidi kuliwa. Ndiyo maana betri hizo huvuja ndani ya redio, na redio ni ghali kuliko betri.

Tena, janja inayodaiwa ina hesabu mbaya. Kampuni inayotaka kupata faida zaidi haina haja ya kufupisha tarehe ya betri ambayo mteja wa hapa ataimaliza ndani ya wiki mbili. Tarehe humgusa muuzaji mwenye rafu, siyo mtumiaji wa kila usiku. Kelele kuhusu tarehe ni kwa sehemu kubwa kelele za wenye mzigo.

Wanaosema sheria ifuatwe

Upande wa pili uko na vyombo vya dola. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989. Kwa mpango unaoitwa PVoC, bidhaa nyingi hutakiwa kukaguliwa zinakotoka kabla ya kupakiwa. Hoja yao ni fupi: tarehe ikianza kujadiliwa dukani, haina maana tena. Leo ni betri, kesho ni maziwa ya mtoto. Mstari mmoja ulio wazi huzuia mabishano elfu, na huzuia biashara mbaya zaidi, ile ya kubandika tarehe mpya juu ya ya zamani.

Hoja hiyo inashika. Lakini ina kasoro ambayo ni nadra kusemwa: mkaguzi hukagua kinachosomeka. Kusoma tarehe ni kazi ya sekunde moja, na kunazaa lundo la bidhaa za kuchomwa mbele ya kamera. Kupima uwezo wa kweli wa betri kunataka kuichaji hadi ijae, kisha kuimaliza polepole kwa saa nyingi, kwenye maabara iliyo Bweyogerere, umbali wa kilomita karibu 500 kutoka Arua. Kwa hiyo bidhaa ikiwa na tarehe nzuri na namba ya uongo hupita. Ikiwa na namba ya kweli na tarehe iliyopita mwezi mmoja hukamatwa. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Ni matokeo tu ya gharama za kupima.

Uongo umekaa kwenye namba

Seli ya duara inayotumika kwenye tochi za kuchaji na pawabanki, ile ya milimita 18 kwa 65, huishia kwenye 3,500 mAh hivi inapotoka kwenye viwanda vizuri, na huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Sokoni ipo iliyoandikwa 9,900. Hakuna kiwanda kilichowahi kuifanya. Pawabanki ya kweli ya 50,000 mAh ingehitaji seli kama 15, yaani gramu 700 za seli peke yake kabla ya plastiki na saketi. Ile unayoitia mfukoni bila kuisikia haina hata robo ya hizo. Kuna ushahidi mwingine wa kuchekesha: pawabanki hiyo, kama namba yake ingekuwa kweli, ingekuwa na wati-saa 185, na mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kupanda na betri inayozidi 160.

Hata pawabanki ya kweli hupotosha kidogo. Namba ya 10,000 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli, wakati simu hulishwa kwa volti 5, na ubadilishaji wenyewe hula sehemu yake. Mtu akipata 6,000 na ushee kutoka kwenye 10,000 hajaibiwa, ameelezwa nusu. Wati-saa zingeandikwa kwa herufi kubwa, mkanganyiko huu ungeisha. Kampuni zinapendelea mAh kwa sababu inatoa tarakimu ndefu.

Paneli nazo zina kipimo kisichodanganywa, nacho ni eneo. Jua kali la mchana huleta wati zipatazo 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli za kawaida hunasa takriban sehemu moja ya tano. Wati 100 zinahitaji karibu nusu mita ya mraba. Kidirisha cha ukubwa wa daftari hakifikishi wati 15, kimeandikwa chochote kile. Betri ya risasi ya 100 Ah, kwa upande wake, huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30. Ya kilo 15 ni ya jina tu. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanalijua hili vizuri kuliko wote, kwani betri iliyokufa wao huinunua kwa kilo. Inashangaza kwamba betri hupimwa kwa uaminifu ikishakufa, siyo ikiwa mpya.

Kwa nini namba idanganye na tarehe isidanganye kwa kiasi hicho? Tarehe fupi humpunguzia muuzaji muda wa kuuza, na tarehe ndefu kupita kiasi hugunduliwa betri inapovuja. Namba kubwa haina gharama kwa yeyote anayeichapa. Mmoja akiandika 20,000 na mwenzake akaandika kweli yake ya 5,000, mkweli hafungui duka mwezi ujao. Hapo uongo unakuwa sharti la kubaki sokoni.

Hoja ya bei, na hoja ya chapa

Mfanyabiashara ana la kusema. Tochi ya bei ya chini inayodumu miezi miwili, anasema, ni bora kuliko tochi nzuri ambayo mteja wa Lobule hawezi kuinunua. Anayetaka ubora aulipie. Hoja hii ina uzito mkubwa, na wanaoidharau kwa kawaida wana stima nyumbani. Lakini inafanya kazi pale tu mteja anapojua ananunua nini. Tochi dhaifu inayouzwa kwa jina la tochi dhaifu ni biashara halali.

Watafiti wa mradi wa Lumina, chini ya Evan Mills wa maabara ya Berkeley, waliangalia tochi za LED katika masoko ya Kenya kuelekea mwaka 2010. Wengi wa watumiaji waliowahoji walikuwa wamepata matatizo na tochi zao ndani ya miezi michache. Hofu yao kubwa ilikuwa kwamba wateja wangehitimisha kuwa teknolojia yote ni ovyo, na bidhaa nzuri ikija ikute mlango umefungwa. Neno "sola ni uongo", linalosikika sana vijijini, ni tunda la hesabu hiyo.

Wengine husema dawa ni kununua chapa inayojulikana. Inasaidia, mpaka chapa yenyewe inapoigwa. Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri cha Nakuru mwaka 2014 ikilalamikia betri za bei rahisi na bandia kutoka nje. Jina kubwa halikuilinda.

Kenya ilipima, ikaona

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa paneli za amofasi nchini Kenya. Mwaka 1999 Arne Jacobson na Daniel Kammen pamoja na wenzao walipima chapa zilizokuwa sokoni. Nyingine zilitoa kinachokaribia maandishi, nyingine zilikuwa chini sana. Matokeo yalipojulikana kwa wauzaji na wateja, watengenezaji walioanikwa walilazimika kurekebisha. Bila polisi, bila moto wa kuchomea bidhaa. Ila walipopima tena miaka ya 2004 na 2005, chapa mpya mbovu zilikuwa zimeingia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiendelea kupima.

Mambo mawili yanatoka hapo. Kupima na kutangaza kunafanya kazi haraka kuliko kukamata. Na athari yake hudumu kwa muda ule tu upimaji unaodumu. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na IFC ulijengwa juu ya wazo hilo, na upimaji wake wa taa na mifumo midogo ya sola unaendelea leo kwa jina la VeraSol. Udhaifu wake kwa Koboko ni kwamba orodha yake ina bidhaa za kampuni zilizojitokeza kupimwa. Taa ya "wati 300" haikuomba kupimwa na haitaomba.

Kupima uzito wa hoja

Nikiweka yote mezani, wanaosema tarehe ni janja wamekosea kuhusu sababu, lakini wamepatia kwamba siku hiyo siyo mpaka wa uzima na kifo. Wanaosema sheria ifuatwe wamepatia kwamba mstari unahitajika, ila wameuchora kwenye tarehe kwa sababu tu ni rahisi kusomwa. Kwa betri kavu, tarehe ibaki, lakini ieleze kama ni ya kutengenezwa au ya mwisho. Kwa betri za risasi, tarehe ya kutengenezwa iandikwe kwa tarakimu za kawaida, na hilo lingeokoa pesa nyingi kuliko kuchoma katoni za betri za tochi. Kwa pawabanki, wati-saa.

Ukaguzi wa mpakani hautafika kwenye kila boksi, na mzigo unaopita kuelekea Kaya au Ariwara kisheria ni wa nchi nyingine. Kinachofika kwenye kila boksi ni mizani ya muuza sukari wa jirani, rula, na mita ya fundi. Serikali za jiji la Arua na manispaa ya Koboko zingeweza kununua vipima uwezo vya bei ndogo, zikapima bidhaa kumi kila mwezi na kutangaza matokeo redioni kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili. Gharama yake ni ndogo. Ubaya wake ni kwamba kutaja jina la bidhaa ya mtu hadharani kunahitaji ofisi iliyo tayari kushtakiwa, na ofisi nyingi haziko tayari.

Iliyobaki ni garanti. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kazi yake, na utaratibu wa madai madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, hauhitaji wakili. Vyote viwili vinaanzia kwenye risiti, na risiti ndiyo inayokosekana. Mwenye duka wa Koboko haiandiki kwa sababu anajua akirudishiwa betri mbovu hana pa kuirudisha: aliinunua Kikuubo, naye hakupewa risiti. Mteja wa Yei hawezi kuvuka mpaka kwa ajili ya taa moja. Ndiyo maana shinikizo lingepaswa kuanzia kwa muuzaji wa jumla wa Kampala, mahali ambapo katoni elfu zinapita kwenye mlango mmoja, ambapo maabara iko karibu, na ambapo risiti moja ingewafungulia wenye maduka wote walio chini yake njia ya kurudisha mzigo.